Tulimuzika Wiliberi Mara ya Pili

Bamama ba koro ya kanisa, muliniuliza ku masini ya kusaga bunga, mukaniuliza ku kanisa, na Mama Bahati alinifuata paka ku choo juu ya kuniuliza: "Ni kweli ulienda kuzika mutu mwenye haumujue?" Bon. Nitasema mara moja, kisha muniache nipike. Miye sikusoma. Minasema, Dada Esta, karani wa kanisa, anaandika. Nimemwambia aandike vile minasema, asiniweke Kiswahili cha redio. Ameguna. Ile kuguna pia aandike.

Munamukumbuka Doreen, ule binti wa Kampala mwenye suruali ya mifuko mingi, alikuja hapa Nakivale na kamera wakati ya mihindi. Alisema anatafuta historia zenye hakuna mutu aliandika. Si za bakubwa. Za batu badogo: wakati ya vita nani alipika, nani alibeba, nani alizika. Tukafanya mustari mbele ya nyumba yangu sawa ku mugawo wa chakula. Kila mutu alisema yake. Ilipofika ku miye, yangu ilikuwa fupi na haikuwa na utamu, nikasema ya Nyota.

Nyota munamujua. Tulipofika Uganda tulilala naye ku mukeka moja pale Kabazana, mu ile hangar ya kupokea wakimbizi, na siku moja, moja tu, aliniambia kitu. Wakati ya vita alikuwa kwetu Congo, upande wa Beni, anauza ndagala, ile samaki midogo. Musoda mumoja wa Uganda, kijana, aliachwa ku mulango yake na ugonjwa wa tumbo. Gari za benzake zikaenda. Siku ya tatu akakufa. Nyota akamunawisha, akamuzika nyuma ya nyumba. Jina yake lilikuwa limekwanguliwa na musumari chini ya kikombe: Wiliberi. Ni hiyo. Nyota aliisema na maneno sawa makumi mawili, kisha akalala.

Miye nikaitunza, na sawa munanijua, nikaifuga ikanenepa. Na historia ya Nyota hauwezi kuisema na sauti ya mutu mwingine, inakataa. Kwa hiyo mbele ya kamera nilivuta pua sawa Nyota, nikainamisha shingo sawa Nyota, nikasema: "Miye nilimunawisha. Miye nilimufunga macho. Aliita Mama, Mama, mara tatu, kisha roho ikatoka." Doreen alilia. Hakuna mutu alimwambia ni ya Nyota. Nyinyi pia mulikuwa pale. Mulicheka ndani ya vikwembe.

KUTOKA NAKIVALE, MARA INE

Doreen alirudi siku ya ijumaa, na gari nyeupe na shofere mwenye alikuwa anatafuna kijiti. Akanisalimia na magoti chini, vile babinti ba kwao banafanya, hata na ile suruali.

"Mama, leo tunaenda Mbarara," akasema. "Kuna familia moja ya wanajeshi inataka kuona wewe. Waliona wewe ndani ya video. Watapika."

Miye nilisikia tu neno ya mwisho. Nikavaa kikwembe ya Noeli, nikafunga nyumba, nikaingia mu gari.

"Hapana, mama. Toka kwanza."

Nikatoka.

"Sasa ingia tena, lakini pole pole, kama vile unaacha nyumba yako. Hapana angalia kamera. Mimi hapana iko hapa."

Nikaingia pole pole. Kuku ya Mama Bahati ikapita. Nikatoka. Nikaingia. Shofere akapiga chafya. Nikatoka. Mara ya tatu gari ilitembea kabisa, tukafika paka ku masini ya bunga, nikapungia batu mukono, na bamoja bakalia, juu balifikiri nimepata ndege ya Amerika. Halafu gari ikarudi. Nilikuta jirani, Baba Furaha, ameshasimama mu shamba yangu, anapima na miguu.

"Mama, tunarudia," Doreen akasema. "Jua lilikuwa mbaya."

Jua ilikuwa ile ile ya kila siku. Mara ya ine hakuna mutu alinipungia.

NJIA YA KABINGO

Mbele kidogo tukakuta ng'ombe za pembe ndefu, barabara nzima. Zilikuwa zinatembea sawa mabibi-harusi, na muchungaji nyuma yao na koti na fimbo ku mabega. Shofere akapiga honi. Muchungaji akakuja paka ku dirisha, bila haraka.

"Ssebo," akasema, "wewe unapigia nani honi? Huyu ni ng'ombe. Yeye hapana gari."

Shofere akazima gari. Tukakaa pale. Doreen akashuka kupiga picha ya ng'ombe, na ng'ombe ilipopita vizuri mara ya kwanza, akaenda kumwambia muchungaji arudishe zote. Hakurudisha. Ule njo mutu wa kwanza nilimuona anamukatalia Doreen, na nilimuheshimu.

Kisha tairi ikapasuka. Kisha ile tairi ya akiba ikaonekana haina upepo tangu mwaka jana. Shofere akaondoka na boda, tairi ku mapaja sawa mutoto, akarudi wakati jua imeshapita kichwa. Kijiti ilikuwa imeisha, alikuwa ameanza ingine.

Pa Kabingo tukakula. Muko munajua vile Baganda na Banyankole banafanya ndizi: banaimenya mbichi, banaifunika na majani yake sawa mutoto muchanga, kisha banakuletea sahani yenye inaweza kulisha darasa. Miye minasema kila siku, mutu akikula ndizi hajakula, amejiandaa tu kukula. Lakini kulikuwa nyama ya mbuzi. Nikanyamaza.

"Kesho ni siku kubwa ya mukaaka," Doreen akasema.

Mukaaka, ku luga ya kule, ni nyanya mwenye bajukuu. Alikuwa anasema juu ya mama ya Wiliberi. Kumbe ule mama eko hai, anakaa pa Mbarara ku kambi ya jeshi, ku nyumba ya mutoto wake mwingine, sajenti, jina Benoni. Doreen alikuwa ameonyesha video yake pale kwa bajane na bamama ba basoda. Benoni akasikia jina, akasikia tumbo, akasikia upande wa Beni, akasimama.

"Kwao," Doreen akasema, "mtu akifa mbali, na mwili hapana rudi, wanakata mugomba wa ndizi, wanafunga na shuka, wanazika kama yeye. Lakini lazima mtu awe alimuona. Bila hiyo, ni kama wanazika mtu bado iko hai. Mukaaka amekataa miaka yote. Kila wakati ukoo unasema tuzike, yeye nauliza, nani alimuona? Bibi ya Wiliberi iko hapo tu, hapana mjane, hapana bibi ya mtu. Sasa kesho, jumamosi, wewe utasimama mbele ya ukoo, utasema niliona, halafu watazika."

Nikarudisha nyama ku sahani.

"Doreen, mutoto wangu," nikasema. "Miye sikumuona."

"Mimi hapana elewa."

"Mwenye alimuona ni Nyota."

"Lakini wewe ulisema 'mimi'. Iko ndani ya kamera. Mimi nilimuosha, mimi nilimfunga macho."

"Ndiyo. Nilikuwa Nyota."

Shofere akaacha kutafuna.

"Mama," Doreen akasema. "Wewe ulilia."

"Ni Nyota alilia. Miye nilikuwa nabeba tu machozi yake."

Akasimama, akazunguka gari mara mbili, akarudi. "Huyo Nyota amekufa?"

"Hapana. Eko pa Mbarara, Nyamityobora. Tangu mwaka mbili."

"Basi tumupigie simu!"

"Hatuongei."

"Kwa nini?"

"Juu ya sauti yake."

Ile munajua, lakini nilipaswa kumuelezea. Siku ya mavuno nilisimama ku kanisa, nikafanya sawa Nyota anaombea bwana yake arudi kwake, bibi wa kwanza, na ile namna anavuta pua kabla ya kusema Yesu. Mukaanguka ku benchi na kicheko. Muchungaji alificha uso mu Biblia. Nyota alikuwa amekaa mustari wa pili. Mwezi haukuisha, akahama.

Doreen hakucheka. Sikumwambia ile ingine: ya kwamba "Mama, Mama", mara tatu, Nyota hakuisemaka. Niliweka miye, juu historia ilikuwa inaisha bila kitu.

NYAMITYOBORA

Nyumba za Nyamityobora zinagusana mabega. Miye nilijua kitu moja tu: Nyota anakaa karibu na mutu mwenye anashona viatu. Batu benye banashona viatu balikuwa batatu. Tukauliza "Nyota, Mukongomani mwenye anauza samaki," bote batatu bakatuonyesha fasi tofauti, na bote na mukono moja, juu mwingine ulikuwa mu kiatu.

Ku meza moja ya nyanya na vitunguu kulikuwa mama munene, mwenyeji.

"Wakongomani hapa wengi, nyabo," akasema. "Huyo iko namna gani?"

"Mufupi. Si mweupe, si mweusi sana. Anafunga kitambaa."

"Wote iko hivyo."

Hapo sasa, bamama, nifanye nini? Jua ilikuwa inashuka. Kesho batu banachimba kaburi. Nikaomba ule mama sahani yake ya nyanya, nikaweka ku kichwa, nikashika kiuno, nikainamisha shingo, nikavuta pua. Nyota anauza samaki sawa mutu mwenye anaomba musamaha. Nikasema: "Ndagala... ndagala kavu... haina muchanga. Ukikuta muchanga, rudisha. Siko mbali."

"Banange!" ule mama akasema, akajipiga ku mapaja. "Mama Mukene! Ni Mama Mukene!" Mukene, kwabo, njo ndagala. Akaita mwenye kushona viatu, akaita mwenye saluni. "Kuja muone! Nyabo, fanya tena, bambi."

Nikafanya tena. Ilikuwa juu ya kazi, munielewe. Mara ya tatu mutu aliniuliza kikombe ya ndagala ni bei gani.

Njo mulango ya nyuma yangu ikafunguka, na sauti ile ile ikasema, pole pole:

"Miye niko ndani. Sasa huku inje, niko nani?"

Sahani ya nyanya ikaanguka.

Nyota hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Alituingiza, akatuletea maji ya kunawa, akapika bugali na sombe, ile majani ya muhogo, na ndagala juu, na akatukarimu bila kuniangalia hata kidogo. Doreen alikula sombe mara ya kwanza mu maisha yake, akaomba tena, kisha akaelezea yote: video, mukaaka, mugomba, kesho. Nyota alikuwa anamusikiliza sawa mutu mwenye anahesabu mvua ku bati.

Kisha akaniuliza miye, lakini akiangalia ukuta. "Ulisema na sauti yangu?"

"Ndiyo."

"Batu balicheka?"

"Huyu Doreen alilia."

Akafikiri. "Ile ni mubaya zaidi."

"Nyota..."

"Ulisema nini? Yote."

Nikamwambia. Nilipofika ku "Mama, Mama", akainua mukono.

"Hakuita mutu."

"Minajua."

"Weye haujue. Miye njo minajua." Akaanza kukusanya sahani. "Kesho niko na soko."

Doreen akaanguka magoti tena. Akasema juu ya historia, akasema juu ya batu badogo, akasema dunia itajua. Nyota akamwambia, "Mwanangu, sikuzika ule kijana juu ya dunia. Alikuwa ku mulango yangu, sikuweza kupita."

Nikaona ni zamu yangu ya kuomba musamaha. Nikafungua kinywa, ikatoka sauti ya muchungaji wa kanisa. Sikufanya kusudi. Nikaanza upya, ikatoka sauti ya marehemu mama yangu, na ile kukohoa yake ndani. Shofere, mwenye alikuwa amekaa ku mulango, akageuka kuangalia nani ameingia.

"Yaya," Nyota akasema, vile kwetu tunaita dada mukubwa. "Yako iko wapi?"

Nikaitafuta. Ilitoka kavu, haina mapambo yoyote. "Nilikukosea, Nyota."

Akasimama pale na sahani, nikafikiri haikutosha. Kisha akamuuliza Doreen, "Tunaondoka saa ngapi?" Tukalala kwake, miye na yeye ku mukeka moja.

KU MULANGO YA KAMBI

Asubuhi musoda wa ku mulango alikuwa na bunduki na karatasi, na ile karatasi njo ilikuwa kali zaidi.

"Simama hapo. Hapa iko kambi ya jeshi, hapana soko." Ni juu Nyota alikuja na kikapo yake ya ndagala. Alisema hawezi kufika ku kilio mikono mitupu. "Hapa imeandikwa mama moja. Nyinyi iko mbili."

Doreen akaelezea ku Kinyankole, akaelezea ku Kiingereza. Ule musoda akasoma karatasi tena, labda mama wa pili atatokea. Hakutokea. Akatukalisha ku benchi.

Tukakaa pale muda wenye mutu anapika maharagi zikaiva. Mabibi ba basoda balikuwa banapita na mabeseni ya nguo ku kichwa, mumoja akatuletea buji ya mutama mu kikombe, hakuuliza sisi ni banani. Alimuuliza tu Nyota kama ndagala ni ya kuuza. Nyota akasema hapana, ni ya kilio. Ule bibi ya musoda akajifunga kitambaa vizuri, akaenda.

Musoda akarudi. "Afande alisema mama moja aliona maiti. Sasa nani aliona?"

Nyota akainua kidole.

"Na wewe?"

"Miye nilisema," nikajibu.

"Yeye aliona. Wewe ulisema." Akaandika yote mbili, pole pole, ulimi inje. Kisha akaniangalia. "Sasa hiyo ni kazi gani?"

Akafungua mulango.

KU NYUMBA YA SAJENTI BENONI

Inje kulikuwa banaume ba ukoo, na makoti, bamesimama. Ndani kulikuwa giza kidogo. Mukaaka, jina yake Kezia, alikuwa amekaa ku mukeka, mudogo sana, miguu mbele. Karibu naye kulikuwa mutu amelala, amefunikwa shuka mupya mweupe paka ku kichwa.

Nikapiga goti kando ya ule mugonjwa. "Pole sana, baba. Mungu akuinue."

Shuka haikucheza.

"Amesinzia," nikamunong'onezea Nyota. Nyota akanifinya.

"Mama," Doreen akasema ku sikio yangu. "Hiyo ndiyo mugomba."

Batu bote balikuwa bananiangalia. Mukaaka Kezia pia. "Mwache," akasema, na Kiswahili ya kambi, yenye alijifunza kwa kukaa na basoda. "Amesalimia vizuri. Hawa wengine tangu asubuhi wanamruka tu."

Benoni alikuwa amesimama ku mulango na nguo ya kijani, muguu wake hautulie. "Maama, wageni wamefika. Huyu aseme, tutoke. Watu iko na jembe kule kijijini."

"Hapana," Kezia akasema. "Mimi hapana beba mtu sijui." Akanigeukia. "Wewe ndiyo ile sauti ya video."

"Ndiyo, mukaaka. Lakini si miye nilimuona. Ni huyu dada yangu. Nilichukua maneno yake, nikaisema sawa yangu. Na nikaongeza."

"Uliongeza?" Benoni akasema. Akaingia ndani. "Mama mzee wangu huyu analia wiki tatu, hapana kula, hapana lala, juu ya maneno ya kuongeza? Wewe mama, wewe unajua sisi tumekata mugomba leo asubuhi?"

"Benoni," mama yake akasema. Benoni akarudi ku mulango. Kezia akanisogelea. "Ile ya Mama, Mama. Mara tatu. Hiyo ni ya nani?"

Nilitaka kusema na sauti ya mutu mwingine, yeyote. "Ni yangu."

Akainamisha kichwa. Nikangojea anitukane. Nilikuwa nimeshachagua fasi ya kuangalia.

"Mimi nilijua," akasema. "Wiliberi hapana niita mama. Hata siku moja. Alikulia kwa mama yangu. Mimi aliniita Kezia, kama sisi ni watoto wa nyumba moja. Watu walikuwa wanamchapa, yeye anasema tu, Kezia. Kwa hiyo niliposikia video nikasema, huyu si yeye. Huyo mwanamke alizika mtoto ya mwingine. Ukoo unasema tuzike, mimi nasema leteni huyo mwanamke nimuangalie."

Kwa hiyo, bamama, lile neno moja lenye nililipenda sana, lenye lilimuliza Doreen, njo lilikuwa linazuia ule mugomba kutoka mu nyumba.

Kezia akamugeukia Nyota. "Wewe. Sema."

Nyota akavuta pua. Hakuna mutu alicheka, hata miye ndani.

"Alikuwa anahara," akasema. "Damu. Siku tatu. Nilimupa chai na chumvi, ilikuwa haikai mu tumbo. Hakusema mingi. Alisema anaitwa Wiliberi, akanionyesha ku kikombe."

"Tena?"

"Siku ya pili nilimuvua viatu. Alikuwa na haya. Aliniomba musamaha juu ya harufu ya miguu. Akasema, tupa inje, tupa mbali, kuku yako itakufa."

Benoni akakaa chini, pale pale, na viatu vya jeshi na yote. "Miguu yake," akasema. "Banange, miguu ya Wiliberi. Mukaaka wetu, mama ya Maama, alikuwa anamfukuza alale jikoni." Akaanza kucheka, mabega yanaruka, na ile kucheka ikageuka kulia.

Kezia aliweka mukono ku kinywa. Kisha akaweka mukono mwingine ku ile shuka. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza anaigusa.

"Huyo," akasema. "Ndiyo. Huyo ni yeye."

Akalia. Nyota akasogea akakaa karibu naye, bega ku bega. Ku kona, nyuma ya kamera, Doreen alifungua kinywa. Nilijua ni neno gani linakuja, lile la "tunarudia". Alilimeza.

KULE KIJIJINI

Tuliendesha nyuma ya gari ya Benoni, kilima juu ya kilima, migomba pande zote. Mugomba ya Wiliberi ilikuwa mbele, mu shuka, banaume bane banaishikilia isiruke. Bibi yake Wiliberi tulimukuta pale ku boma, mwanamke mwenye mvi kidogo sasa, amevaa nguo ya kawaida, juu hakujua kama anaruhusiwa kuvaa ya ujane. Kezia akamunong'onezea. Akaingia mu nyumba, akatoka amejifunga kiuno na kitambaa ya majani makavu, vile bajane banafanya kule. Bamama bengine bakamupokea na kilio, na Nyota akafungua kikapo, akabapa ndagala ya kupikia wageni. Baliangalia ile samaki midogo na macho yake yote, mu kile kijiji hakuna mutu alikuwa anajua kuipika, lakini balishukuru.

Kaburi ilikuwa imekwisha kuchimbwa. Banaume bakaleta mugomba, bakaufikisha ku ukingo, bakasimama.

Shuka ilikuwa imefungwa sawasawa pande zote mbili. Bakauinua kidogo, bakaugeuza, bakaugeuza tena. Muzee wa ukoo akauliza: "Kichwa iko wapi?"

Mwenye aliukata hakukumbuka. Benoni akamuangalia mama yake. Kezia akamuangalia Nyota.

"Wewe ndiyo ulimulaza," akasema. "Kule, ulimulaza namna gani?"

"Kichwa upande wa nyumba," Nyota akasema. "Nilikuwa peke yangu. Nilitaka asikie mutu anapika."

Akapita katikati ya banaume, mufupi vile eko. Akazunguka mugomba mara moja, akainama, akashika upande mumoja na mikono mbili, na banaume bakamusaidia kugeuza, paka ukaangalia jikoni ya ile boma, kule moshi ilikuwa inatoka.

"Huku njo kichwa," akasema.

Hakuna mutu alibisha. Bakamushusha.